Shangazi, mashangingi mawili na kifuniko cha dumu

Leo nimeumbuka. Si kuaibika, nimeumbuka. Ukiaibika unaenda nyumbani, unaoga, unalala, kesho watu wameshasahau. Hii yangu watakuja kusimuliwa wajukuu.

Naandika nikiwa nimekaa kando ya barabara ya Nyakakika. Nanuka pombe (sijanywa hata tone, naapa) na punje za kahawa zimeniingia mpaka ndani ya soksi. Vidole vinanata, kwa hiyo mkiona herufi zimerukaruka mnisamehe.

Mnanijua humu kwenye kundi. Ninyi wenyewe ndio mlionipa jina la Injinia. Mtu akiweka picha ya gari, natoa hukumu: injini, giaboksi, sospensheni, vyote. Nimeangalia video za kulinganisha magari mpaka mtandao wa simu unanipigia saluti. (Gari langu mwenyewe ni baiskeli. Breki ya nyuma haina.) Leseni ninayo, na kenta ya mahindi nimeiendesha miaka miwili. Kazi sina tangu mwaka jana.

Sasa Shangazi yangu Adela, dada wa baba, ananunua kahawa na maharage Kayanga, na pikapu yake imekufa kabisa. Wiki iliyopita akaniita. Shangazi akiita, kwetu hata baba anasimama.

"Nasikia unajua magari."

"Kidogo tu, Shangazi." (Mnyenyekevu wa uongo.)

"Nataka shangingi. Nimeletewa mawili, jeusi na jeupe. Utayaendesha yote, unilinganishie. Ukinichagulia vizuri, dereva wake ni wewe."

Jamani! Dereva wa shangingi! Usiku huo sikulala. Nilishajiona nimeegesha stendi ya Kayanga, kioo nimeshusha nusu, mkono nje, nanyi mnapita kwa miguu mnajifanya hamnioni. Mke wangu akapiga pasi shati la kitenge, akasema, "Mume wangu, safari hii usiongee sana." Nikamwambia hajui anachosema.

Asubuhi tukaanza na jeusi. Hili ni la Mzee Salum, mwenye duka la vitambaa pale mjini, babu zake walitoka Pangani. Yeye hakutaka hata kupanda. "Chukueni, bibi yangu, mkalijaribu mpaka roho zenu zitue. Gari hili halina makeke." Tukaenda nalo mpaka Bugene na kurudi. Mimi nahubiri nguvu za farasi, Shangazi ananiangalia tu.

Tulipofika kwake, Shangazi akashuka, akaingia shambani, akarudi na mkungu mzima wa ndizi kichwani.

"Fungua nyuma."

Mkungu ukaingia bila kukatwa. Akauchomoa, akausimamisha, ukagota. Akaulaza, ukakaa. Kisha akapanda mbele na kushuka mara tatu akiwa amevaa kitenge cha kubana, akapangusa tope la kiatu kwenye zulia, akaangalia kama linatoka.

"Shangazi, hayo sio mambo ya kupima. Kuna kitu kinaitwa toki, nguvu ya injini kuvuta—"

"Hiyo toki inabeba mikungu mingapi?"

Niliona jeusi limeshampendeza.

Saa nne jeupe likafika kutoka Bukoba, limeletwa na dalali mmoja anaitwa Dickson. Suti ya buluu, miwani ya jua, viatu vyenye ncha. Nilipofungua mlango, jamani! Viti vya ngozi rangi ya maziwa! Skrini kubwa kuliko televisheni ya baba! Dickson akakaa nyuma, Shangazi mbele, mimi kwenye usukani. Tukaenda Nyakakika, kwa sababu Shangazi alikuwa amemwagiza wifi yake, Ma Koku, mramba wa kikao. Kwa wasio wa huku, mramba ni juisi ya ndizi mbivu, inakamuliwa kwa majani, tamu, wanakunywa hata walokole. Saa tisa Shangazi alikuwa na kikao cha wanawake kanisani Bugene, na yeye ndiye mwenyekiti. Alikuwa ameshavaa sare kabisa: gauni la zambarau, kitambaa cheupe kichwani.

Njia nzima nilikuwa mwalimu. "Shangazi, unaona hiki kitufe kidogo? Ndiyo handibreki. Hakuna kuvuta. Kidole kimoja tu, gari zima linasimama."

"Hiki hapa?"

"Hicho, lakini usikiguse. Kina utaalamu wake."

Tukafika kwa Ma Koku. Shikamoo, marahaba, karibuni, kaeni. Akaleta dumu la lita ishirini limejaa mramba, mdomo wake umezibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa. Sasa ndugu zangu, hapa ndipo nilipojichimbia kaburi, tena kwa jembe langu mwenyewe.

Niliangalia lile jani. Nikaangalia viti vya rangi ya maziwa. Nikaona aibu. Gari la heshima namna hii, dumu lina jani mdomoni? Likimwagika? Dickson atatuonaje?

"Mama, kifuniko cha hili dumu kiko wapi?"

Ma Koku akakileta, lakini akakishikilia. "Waitu, jamani, mwanangu, usikaze. Huu nimeukamua juzi. Bado unapumua. Uachie jani lake."

Nikacheka. (Nilicheka! Mbele ya mtu aliyekamua ndizi tangu sijazaliwa!) "Mama, hili si pikapu. Humu hakipumui kitu." Nikang'oa jani nikalitupa. Nikakaza kifuniko kwa mikono miwili, halafu nikamalizia kwa kitambaa ili kisiteleze. Nikaliweka dumu kwenye buti, nyuma kabisa ya kiti cha Dickson, nikafunga milango yote na vioo vyote. Jua la kiangazi hili mnalijua. Kisha tukaingia ndani kula ndizi na maharage, saa nzima na zaidi. Nikaongeza na sahani ya pili.

Tulipoondoka Ma Koku aliuliza tena, "Umelegeza?" Nikampungia mkono.

Barabara ina mawe na mashimo, mnaijua. Lakini humo ndani tulikuwa tumekaa kama sebuleni. Nikaona sasa ndio wakati wa kumvuta Shangazi aache jeusi, maana kusema kweli mimi jeupe lilikuwa limeniteka. Kando ya barabara kulikuwa na akina mama wameanika kahawa kwenye mikeka, wanaongea, midomo inakwenda. Nikapunguza mwendo.

"Shangazi, sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Ndiyo maana yake! Unasikia chochote? Wale pale wanaongea, unawasikia? Humu ndani, Shangazi, hata bunduki ikilia hapo nje, wewe unaendelea na—"

PAAA!

Jamani. Jamani!

Sijui niwaelezeje. Kitu kililia nyuma ya kichwa changu, halafu kikagonga dari, halafu kikanipiga mimi kisogoni. Wakati huo huo kitu cha uvuguvugu kikanimwagikia shingoni na kuteremka mgongoni. Nikajua ni damu. Nikajua ni yangu. Nyuma Dickson akapiga yowe refu jembamba ambalo sikutegemea litoke kwa mtu wa suti.

Nilifanya nini? Mnaoniita Injinia, nilifanya nini?

Nilifungua mlango nikaruka.

Sikuzima gari. Sikutia handibreki. Sikumtazama Shangazi. Niliruka kama chura, nikiita "Mama nakufaaa!" nikatua kwa tumbo katikati ya mkeka wa kahawa, nikateleza nao mpaka mwisho wake, nikajifunika kichwa. Nilisikia tu ungo wa mama mwenye mkeka unadondoka.

Nikawa nimelala pale nasubiri risasi ya pili. Nikajipapasa mgongoni, nikaangalia mkono. Damu yangu ilikuwa ya kahawia. Nikanusa. Damu yangu ilikuwa inanuka ndizi.

Yule mama akainama, akanitazama vizuri, akauliza kwa upole kabisa:

"Baba, umeumia?"

"Sijui, mama. Tumepigwa."

"Pole. Na yule mama uliyemwacha ndani?"

Nikainua kichwa. Lile shangingi, kwa sababu nililiacha kwenye gia, lilikuwa linatambaa lenyewe. Polepole, kimya, kwa adabu zake zote (sospensheni nzuri kweli), linaelekea kwenye mikeka mingine. Mlango wangu uko wazi unapepea. Akina mama wananyanyuka, wanavuta watoto wa mgongoni. Na ndani yake, kwenye kioo, kuna kitambaa cheupe cha Shangazi yangu.

Hapo sisemi utani. Nilijaribu kunyanyuka nikateleza kwenye kahawa, nikanyanyuka tena, nikateleza tena. Nilijua nimemuua dada wa baba yangu kwa juisi.

Halafu nikaona mkono wa Shangazi unatokea juu ya usukani. Kidole kimoja. Akabonyeza kile kitufe.

Gari likasimama. Hatua mbili tu kutoka kwenye mkeka wa mwisho.

Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Dickson. Suti yote inachuruzika, miwani iko kidevuni, povu masikioni. Akasimama katikati ya barabara kama aliyesahau anakwenda wapi. Akalamba mdomo. Akafikiri. Akalamba tena.

"Lakini ni tamu," akasema.

Hapo ndipo walipopasuka. Akina mama wote! Mmoja alikaa chini kabisa akawa anapiga ardhi kwa kiganja. Mwendesha bodaboda aliyekuwa anapita alisimama, akauliza kuna nini, akaelezwa, akashuka kwenye pikipiki yake ili acheke vizuri. Nilimwona anatoa simu. (Kama video imeshafika humu, yule kwenye kahawa SIYE mimi.)

Shangazi akashuka bila haraka. Kitambaa cheupe kimekuwa rangi ya chai. Sare ya mwenyekiti wa wanawake, saa nane mchana, inanuka rubisi, pombe ya ndizi, kama kilabu cha Jumapili. Akatembea mpaka buti, akaangalia dumu lililobaki robo. Akaokota kifuniko kwenye kiti changu. Akaja nacho mpaka nilipokuwa.

"Ma Koku alikwambiaje?"

"Alisema nisikaze, Shangazi."

"Alisema mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na lilipolia, ulikwenda wapi?"

Nimekaa katikati ya kahawa ya watu, niko mzima, bila hata mchubuko. Yeye ana miaka sitini na mbili, alibaki ndani. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alinitia kile kifuniko mfukoni mwa shati la kitenge, akapapasa mfuko, akamgeukia mama mwenye mkeka.

"Dada, pole sana. Kahawa yako ataiokota huyu. Yote. Asiondoke mpaka useme wewe."

Akaenda upande wa dereva. Akarekebisha kiti. Akarekebisha kioo. Dickson, bado anachuruzika, akakimbia akapanda mbele. Nikaona taa ya breki inazimika, gari likaondoka taratibu, likakwepa mashimo moja baada ya jingine, mashimo yote niliyokuwa nimeyapiga wakati wa kwenda.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba pikapu ile iliyokufa haikuwahi kuwa na dereva. Aliyekuwa anaiendesha ni yeye. Miaka kumi na minne, mpaka Kimuli, masika na kiangazi. Na mimi leo asubuhi nilimfundisha kufunga mkanda.

Basi nimeokota. Punje kwa punje, pamoja na vijiti na mawe, maana mama alisema kahawa yake haikuwa na mawe. Saa kumi na moja ameniruhusu niondoke, akanipa maji, na kila anayepita anaelezwa upya kuanzia mwanzo. Bodaboda tatu zimekataa kunibeba. Ya nne ilikubali, ikaninusa, ikaghairi: "Mzee, wewe utaanguka." Nikimwambia sijanywa, anasema wote wanasema hivyo.

Sasa hivi tu Shangazi amepiga simu. Nikapokea kwa mikono miwili.

"Shangazi, shikamoo. Kikao je?"

"Nimeingia hivi hivi. Nikawaeleza. Mchungaji ametoka nje kucheka."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimenunua jeupe."

Nikasimama wima! "Jeupe? Si ulipenda jeusi?"

"Nililipenda. Lakini siwezi kumrudishia mtu gari linalonuka mramba, nikamwambia sikulipenda. Na nilipoliambia lisimame, lilisimama."

Ilibidi niulize, kwa sababu mke wangu ataniuliza hilo kabla sijavua viatu. "Na ile kazi, Shangazi? Ya udereva?"

Nikasikia injini ikinguruma chini chini, imetulia.

"Nilikwambia unilinganishie," akasema. "Nimelinganisha mwenyewe. Magari yote mawili mazima. Kibovu nimekiacha huko kwenye kahawa."

Akakata.

Nawaomba, kama bado mna ubinadamu, msinicheke. Na kama hamuwezi kabisa kujizuia, basi chekeni kidogo kidogo sasa hivi, msikaze kifuniko.