Kanuni za Kifo Kuingia Jukwaani

Idara ya Uhamisho na Maadhimisho inayo fahari kuutangazia umma kwamba Dodoma imepata opera. Ni ya Kijerumani, ya karne iliyopita, iliyotokana na igizo la kidini, na kwa saa mbili nzima hakuna anayezungumza kawaida; hata salamu huimbwa. Ilitufikia kama zawadi ya mji rafiki. Mimi, mwalimu niliyeazimwa kuwa katibu wa Kamati ya Onyesho, nilikabidhiwa faili na muhuri.

Kisa chenyewe ni chepesi: Kifo kinamkuta tajiri kwenye karamu na kumwambia, twende.

"Twende wapi, bila barua?" aliuliza Mkurugenzi wetu, Bwana Mazengo, katika kikao cha kwanza. "Huyu ni mtu mzito. Haitwi kama mbuzi."

Kamati ikarekebisha. Kifo kitaleta wito wa maandishi, tajiri ataupokea kwa saini, na katibu atagonga muhuri. Malaika saba waligawanywa kwa uwiano wa wilaya: Kondoa watatu, Chamwino watatu, na mmoja wa akiba. Mzee Hasani, mjumbe wa Kondoa, alihoji kwa nini malaika wake wamepangwa nyuma ya pazia. Wakasogezwa mbele.

Nafasi ya tajiri aliichukua Mkurugenzi mwenyewe, ili heshima ya mtu mzito isichezewe na mtu mwepesi. Kwa kuwa hakujaliwa sauti, aliimbiwa na kwaya ya mafundi wa Kizota. Kisha akaongeza kanuni kwa mkono wake: "Hati yoyote itakayosainiwa jukwaani iwe halali, Wajerumani wasije wakasema tunaigiza."

Sauti ya Kifo ilikosekana hadi siku alipoingia ofisini Mwalimu Elieth. Alikuwa akifundisha milimani Kondoa. Mama yake alikuwa peke yake Mvumi, macho yamefifia, na juzijuzi alikuwa amejimwagia uji wa moto. Elieth alikuwa ameomba uhamisho kwa miaka minne.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Suala lako linashughulikiwa."

"Sijasema kitu bado, baba."

"Unaona tulivyo na kasi!"

Elieth akaguna. Ulikuwa mguno mzito, wa kutoka tumboni, hata karani aliyekuwa akinywa chai akasimama wima. Kamati ikamteua kuwa Kifo kwa kauli moja.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Mkurugenzi aliketi mbele ya kuku wa kuchoma, kuku halisi, kwa mujibu wa kanuni. Kifo kikaingia na faili la kijani.

"Niongezewe muda!" iliimba kwaya kwa niaba ya Mkurugenzi.

"Suala lako," kikajibu Kifo kwa sauti iliyotikisa mabati, "linashughulikiwaaa!"

Ukumbi ukalipuka. Walimu wa viti vya nyuma walipanda juu ya viti. "Kaza hapohapo, dada!" alipaza sauti mmoja wao. "Mwambie arudi Jumatatu!"

Kifo kikafungua faili. "Saini hapa, Mheshimiwa. Na hapa. Na nakala hii."

Mkurugenzi akasaini kama asainivyo siku zote, macho yakiwa kwa wapiga picha. Faili likaletwa kwangu. Nikaisoma yote barua iliyokuwamo, maana mimi husoma, kisha nikagonga muhuri mara tatu.

Asubuhi iliyofuata Mkurugenzi aliniita.

"Katibu, yule Kifo yuko wapi?"

"Yuko Mvumi, Mkurugenzi, anampikia mama yake. Ulimhamisha jana, sehemu ya pili, kabla ya malaika."

"Lakini lile lilikuwa igizo!"

Nikamfungulia kanuni yake, kwa mwandiko wake. Aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Basi andika barua ya kuutengua uhamisho huo. Leo hii!"

Nilimhakikishia kwamba suala lake linashughulikiwa. Aliinuka kwa hasira, akafungua mlango, akarudi ndani haraka na kuufunga. Huko nje walimu ishirini na sita, kila mmoja na faili lake la kijani, walikuwa kwenye foleni wakisafisha koo.