Boksi Lisilofunguliwa

Jino ndilo lililompeleka, si tamaa. Tamaa ilimkuta hukohuko. Msomi (jina la mtaani hilo, shule aliikimbia kabla ya hesabu za kugawanya, ila miwani anavaa, tena ya vioo vitupu) alikuwa amefunguliwa kinywa kwenye kiti cha daktari wa meno alipoliona kabati la kioo. Ndani yake mlikuwa na vigari vya kuchezea. Vigari vya chuma, vya watoto, kila kimoja ndani ya boksi lake lililozibwa, na kabati limefungwa kwa ufunguo utadhani lina dawa za sumu.

"Daktari ana wajukuu wengi," akasema, koleo likiwa njiani.

"Wajukuu! Wathubutu kukanyaga hapa!" Daktari akasahau jino. "Hivyo ni vya kukusanya, bwana. Hicho cha juu nimekinunua kwa bei ya ng'ombe wawili."

"Mbona gari lenyewe halionekani?"

"Ndiyo thamani yake! Boksi likifunguliwa tu, limekufa. Mkusanyaji wa kweli hafungui."

"Hata kuchungulia?"

"Hata akiwa anakata roho."

Jino likang'oka na Msomi asisikie chochote. Jamani! Watu wazima, vyeti vimejaa ukutani, wananunua kitu na kuapa hawatakitazama! Miaka kumi na mitano alikuwa akihangaika kuuza pete za shaba kwa jina la dhahabu, akikimbizwa stendi hadi stendi, kumbe wateja wake halali walikuwa wamekaa kimya wakimngoja.

Wiki nzima akasoma habari za hao wakusanyaji. Akagundua upuuzi wa pili uliozidi wa kwanza: kigari kilichokosewa kiwandani kina bei kuliko kilichotengenezwa sawasawa. Kulikuwa na lori dogo la mafuta, lililotakiwa kuwa jekundu, sitini yakapakwa kijani kwa bahati mbaya. Wakusanyaji wakilitaja lori hilo la kijani hushusha sauti kama wako msibani.

Msomi akaenda kwa mpiga chapa, akatengenezewa boksi. Akalipaka chai ya rangi, akalianika juani, akalikunja pembe moja kwa heshima zote. Ndani akatia kufuli bovu na misumari miwili, akavifunga kwa kitambaa visigongane, maana alisikia jamaa hawa hupima kwa mizani. Akaongeza msumari wa tatu. Uzito ukakaa sawa.

Daktari alilipokea boksi kwa glavu, zilezile anazoingiza vinywani mwa watu. Akalipima, akalinusa, akalitazama kwa kioo cha kukuzia. Machozi yakamlengalenga.

"La marehemu babu yangu," Msomi akasema kwa huzuni. "Alituachia neno moja tu: msifungue."

"Babu yako alikuwa mtu mkubwa sana," akasema daktari, akatoa fedha ya kununua pikipiki mpya.

Zile fedha Msomi alimpelekea mkewe, fundi cherehani, aliyekuwa akishonea barazani kwa watu na kudunduliza miaka minne apate duka lake. Fedha ya mume na akiba ya mke zikatosha cherehani tatu na kodi ya mwaka. Mke akazihesabu mara mbili, akamtazama.

"Hizi si za kuja kurudishwa na polisi?"

"Mama watoto, nimeuza gari."

"Gari lako lipi?"

"Dogo."

Mke akacheka, na kicheko hicho Msomi alikuwa hajakisikia tangu harusi. Kikamwingia kweli. Siku nne nzima alitembea kifua mbele.

Siku ya tano simu ikaita. Sauti ya mzee, ya kukwaruza, ya mtu mwenye nazo. "Kijana wangu, nasikia ulikuwa na lori la kijani. Nalitafuta hilo tu. Nitakupa bei ya nyumba. Lakini kesho alasiri nasafiri."

Mtu mwenye akili angejiuliza: anataka kulipa bei ya nyumba kwa kufuli? Msomi alijiuliza, akajijibu vizuri: kwani atafungua? Hawafungui hawa! Kumbe kufuli lile ni mali, na yeye mjinga alilitupa kwa bei ya pikipiki.

Asubuhi yake mke akiwa sokoni kununua nyuzi, Msomi akainua godoro, akachukua fedha zote. Alijiambia atazirudisha kabla ya jioni, zikiwa zimezaa.

Daktari alikataa, akasikitika, akalikumbatia boksi, akataja bei. Ilikuwa bei ya cherehani tatu na kodi ya mwaka. Msomi akalipa bila hata kubembeleza, akatoka mbio. Kwenye korido akapiga simu kwa yule mzee.

Simu ikaita nyuma ya mlango aliotoka.

Akakata. Ikanyamaza. Akapiga tena. Mlango ukafunguka, daktari kasimama, simu sikioni. "Ndiyo, kijana wangu," akakwaruza.

Daktari akainua juu karatasi nyeusi ya eksirei, ile ya kupigia meno. Mle ndani, peupe kabisa, kufuli na misumari mitatu.

"Daktari, huu ni wizi!"

"Wizi upi, bwana? Umeniuzia lori, nimekuuzia lori. Au wewe unajua kuna kitu kingine humo?"

Msomi akafungua mdomo. Daktari akamtazama ufizi. "Pengo limepona vizuri," akasema, akafunga mlango.

Nyumbani mke alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Godoro lilikuwa bado limeinuka upande mmoja.

"Mwenye duka yuko njiani," akasema polepole. "Fedha ziko wapi, baba watoto?"

"Ziko humu."

Akaliona boksi. "Humo?"

"Ni gari adimu, mke wangu. Yalitengenezwa sitini tu duniani. Thamani yake ni kwamba halijafunguliwa. Ukilifungua, limekufa. Tuliweke tu, tungoje, watakuja watu..."

Alikuwa anamsihi kwa moyo wake wote, na pengine ndiyo mara ya kwanza maishani mwake.

Mke alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza. Kisha akavuta droo ya cherehani, akatoa mkasi.

"Usifungue!" Msomi akapiga kelele. "Nakuomba, usifungue!"

Mkewe akalivuta boksi, akakata.