Kundi la Wasinziaji

Jumatatu, 3 Machi

Msiba! Tangazo limebandikwa mlangoni pa ofisi ya idara. Eti chuo chetu chenye jina kubwa kinachekwa kwa kumwaga A kama maji. Kuanzia insha ya Jumamosi hii, katika kila kundi la semina, mmoja tu kati ya watano atapata A. Hata wote wakiandika vizuri. Anayetaka kuhama kundi, mwisho kesho.

Nimemaliza shule juzi tu, nipo hapa kwa ufadhili, na ufadhili unataka A. Bila A narudi nyumbani kumshikia mama vitambaa akishona. Nimewapanga wenzangu wote wa kundi daftarini, toka bora hadi hafifu. Tuko ishirini. A nne. Mimi nimetokea wa tano. Nimerudia mara tatu, huku nikijipendelea. Wa tano.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia! Kundi la Jumamosi, saa moja asubuhi. Wanaliita Kundi la Wasinziaji: wachezaji mpira, mabingwa wa kuchelewa, na kaka mmoja anayekuja na mto wake. Kati ya hao nitang'ara.

Karani aliuliza kwa nini nahama. Nikasema napenda asubuhi. Uso ulinichoma, sijazoea uongo. Akanitazama juu ya miwani, akasema, mwanangu, hata wewe? Sikumwelewa.

Mwenzangu wa chumbani sijamwambia. Anabaki kundi letu la zamani, na daftarini ni wa kumi na nane. Tangazo lenyewe hajalisoma. Nimemwonea huruma. Kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika saa kumi na mbili na nusu. Viti vya mbele vimejaa! Kamusi, yule binti anayemsahihisha hata mhadhiri, amekaa pale pale nilipopanga kukaa mimi. Akanisalimia kwa upole, akasema siku hizi anapenda sana asubuhi. Pembeni yake, wale watatu wengine walionizidi daftarini. Nyuma yao watu nisiowajua, kila mmoja na kalamu za rangi tatu.

Wasinziaji wamehama. Wamelalamika kelele zimezidi. Amebaki kaka wa mto peke yake. Alipoulizwa swali, akajibu barabara bila kufumbua macho.

Nimekabidhi insha.

Ijumaa, 14 Machi

C.

Mhadhiri aliniita. Akasema insha ni nzuri, mwaka jana ingepata A bila maswali, ila kundi hili limekuwa la moto. Kundi langu la zamani walibaki watano tu; wangepungua mmoja, kusingekuwa na A kabisa. A moja ilibidi itoke. Kaipata mwenzangu wa chumbani, kwa ukurasa mmoja na nusu. Nikasema asante. Sijui kwa nini, nikasema tena asante.

Akaniambia, binti, wewe soma, achana na kupima wenzio. Maneno yaliniingia mpaka moyoni.

Mwenzangu alishangaa. Akauliza, dada, kwani kuna watu hawapati A?

Mama alipiga simu. Nikamwambia C. Akauliza herufi zote ni ngapi. Ishirini na kitu, nikasema. Akasema, ya tatu katika hizo zote, mwanangu! Mungu ashukuriwe. Nikasikia akimtangazia mteja. Sikuweza kumrekebisha.

Jumatatu, 17 Machi

Barua ya ufadhili imefika. Muhula mmoja wa mwisho. A, au nifungashe.

Nimetafakari maneno ya mhadhiri siku tatu. Ni kweli tupu. Nimelichana lile daftari. Sitapima wenzangu tena maishani.

Sasa napima makundi.

Asubuhi nilikwenda kujiandikisha kundi langu la zamani kwa muhula ujao. Foleni imefika ngazini! Mbele yangu Kamusi. Nikamwambia nimekuja kuulizia kalamu iliyopotea. Akasema, na yeye pia. Kaka wa mto alikuwa ameshapata nafasi.

Si kitu. Ubaoni nimeona kundi la Ijumaa jioni halina hata jina moja. Nimejiandikisha, nikaondoka haraka kabla hawajaniona. Nikiwa peke yangu, nani atanishinda?