Jovitus, Msomi wa Kwanza wa Vikapu

Duniani kuna wasomi wawili tu, na wa pili bado hajazaliwa. Hayo si maneno yangu! Ni ya binamu yangu Jovitus wa Songambele, aliyekuwa akinipigia kelele sikioni nyuma ya pikipiki yangu.

Jovitus anasoma chuo kikuu, historia ya sanaa. Ijumaa saa kumi jioni alitakiwa awe amemtumia msimamizi wake pendekezo la utafiti kuhusu vikapu vya Karagwe, lenye makala kumi za kitaaluma. Asipotuma, anarudia mwaka. Basi Ijumaa hiyo hiyo, saa sita mchana, ndipo alipokumbuka kuzitafuta!

Tulipokuwa tunatoka, mama yake, Ma Prudensia, alikuwa barazani anasuka kikapu.

"Mwanangu, mbona kuna mama mmoja wa chuo alikaa hapa miezi mitatu akiniuliza hayo hayo? Wewe ulikuwa mdogo. Alikuwa anaitwa..."

"Mama, yule alikuwa mnunuzi tu! Haya ni mambo ya kanzidata."

Ma Prudensia akaguna, akaendelea kusuka.

Nikampeleka kwenye maktaba moja mjini Kayanga. Mkutubi, dada Placida, akamfungulia kanzidata ya makala kwenye kompyuta.

"Andika maneno mawili matatu muhimu, basi," akamwelekeza.

"Dada, mimi niko mwaka wa tatu!"

Placida akaenda zake kupanga vitabu.

Jamani! Jovitus akaandika kichwa kizima cha utafiti wake, maneno ishirini na sita, akakifunga ndani ya alama za kunukuu, na mwishoni akabandika jina lake. Kompyuta ikazunguka weee, ikajibu: matokeo sifuri.

Mwingine angeona aibu. Yeye akaruka juu!

"Cleophace, umeona? Sifuri! Hakuna binadamu aliyewahi kuandika juu ya vikapu vyetu. Mimi ndiye wa kwanza!"

Waliokuwa wakisoma magazeti wakageuka. Mzee mmoja akasimama kumpa mkono wa pongezi. Na mimi, mjinga wa watu, nikapiga makofi.

Jovitus akaketi, akaongeza kwenye ukurasa wa kwanza: "Hakuna msomi yeyote, hai au marehemu, aliyewahi kugusa mada hii." Saa kumi kasoro dakika tano akabonyeza, pendekezo likaenda. Akaanza kunipangia mbuzi wa sherehe atoke zizini kwangu.

Placida akarudi, akachungulia.

"Hizi alama za nini? Umeiambia mashine ikutafutie sentensi hiyo hiyo, neno kwa neno, pamoja na jina lako. Nani mwingine angeiandika?"

Akafuta yote. Akaandika maneno mawili tu, vikapu na Karagwe, kisha akaweka tiki penye makala zilizohakikiwa na wasomi.

Makala kumi na tisa!

"Kumi na moja ni za mtu mmoja," akasema. "Ndyamukama, J. Unamfahamu?"

Jovitus akaisogelea kompyuta.

"Dokta Joyness Ndyamukama," akanong'ona. "Msimamizi wangu."

Placida akafungua makala ya kwanza. Mawe, mama yangu! Picha ya Ma Prudensia, pale pale barazani, na kikapu mapajani. Kando yake kitoto kimevaa shati peke yake, kinalia, kamasi mpaka kidevuni. Chini imeandikwa: Fundi Prudensia wa Songambele na mwanawe, Jovitus.

Nilicheka mpaka Placida akatutoa nje sote wawili.

Huko nje simu ya Jovitus ikalia. Ujumbe wa msimamizi: "Nimelisoma pendekezo lako, nikiwa bado hai. Tutaonana mwakani, mwaka wa tatu. Mfikishie mama shikamoo yangu."

Tulipofika nyumbani, Jovitus akaenda moja kwa moja barazani, akakaa chini miguuni pa mama yake, machozi yakimtiririka, daftari mkononi.

"Shikamoo, mama. Naomba unieleze habari za vikapu."

"Marahaba," akasema Ma Prudensia bila kuinua macho. "Kwanza futa kamasi."