Salamu za Dakika Kumi

Jumatatu, 3 Novemba

Balaa! Madame Kinya ametangaza mtihani wa kuongea. Jumatano ya wiki ijayo. Dakika kumi, mtu mmoja mmoja, mlango umefungwa, mtahini anatoka Nairobi. Kifaransa kitupu.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine siwezi. Mimi Kifaransa naandika tu. Mwaka wa pili sasa kwenye chuo chetu cha utalii hapa Isiolo, na insha zangu husomwa mbele ya darasa. Husomwa na wengine. Mimi nikisimama, ulimi unaondoka, na Kiswahili unaondoka nacho. Nina miaka kumi na minane na bado naagiza chai kwa kuonyesha kidole.

Darasa letu lina sheria: anayeponyokwa na Kiswahili kwenye kipindi cha Kifaransa, anafagia. Mimi sijawahi kufagia hata siku moja. Ekidor, yule wa Ngaremara, anafagia kila siku. Ameshika ufagio mpaka mwaka wa kwanza wanadhani ameajiriwa.

Mambo yako hivi. Nikifeli, narudia mwaka. Na Baba ameshasema nyumba yake haina kurudia: atakayerudia atakuja kukaa kwenye duka letu la spea hapa Wabera, ahudumie madereva wa lori. Madereva wa lori! Wale hawaongei, wanapiga kelele. Lakini nikiwa wa kwanza, kuna nafasi moja ya mazoezi ya kazi, miezi mitatu, kwenye kambi ya watalii ndani ya hifadhi, kando ya mto. Nafasi moja. Ekidor anaitaka. Mimi naitaka zaidi. Nimeshaota niko pale na sare ya kaki, ndovu wanavuka maji, nami najua neno la kila kitu. Katika ndoto hakuna anayeniuliza swali.

Uamuzi: kesho nitapoteza sauti.


Jumanne, 4 Novemba

Nimepoteza sauti. Asubuhi nilijifunga skafu ya sufi shingoni, kwa joto hili letu, iwe ushahidi. Kisha nikavaa hijabu juu yake. Hakuna aliyeiona skafu. Walichoona ni jasho.

Ikabidi nikohoe. Madame Kinya alisimamisha darasa akaniuliza kama nimetumia dawa. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Baada ya kipindi akaniita, akatoa kwenye mkoba wake chupa ya asali ambayo mama yake alimtumia kutoka Meru, akanipa yote. Akasema sauti ni kama mbuzi, ikipotea usikae ukingoja, ifuate. Pia akasema siku nane zinatosha kupona hata nimonia.

Mama huyu! Kifaransa alijifunzia hotelini Nairobi akifua mashuka, kwa mpishi mmoja, wakisukuma wote gari la nguo. Hakuwa na kitabu. Leo akiongea unatamani mvua isinyeshe kwenye mabati, usikose neno. Nimejisikia vibaya sana kumdanganya.

Asali ni tamu. Nimemaliza nusu.


Jumatano, 5 Novemba

Asali imeisha, kwa hiyo sauti imerudi.

Mpango wa pili. Ijumaa kuna mazoezi ya wawili wawili, mmoja mgeni wa hoteli, mmoja mhudumu. Nimemwendea Ekidor. Kwa karatasi, si kwa mdomo. Nimemwandikia: wewe ongea, mimi nitaitikia, na insha yako ya kesho nitakuandikia. Akaisoma, akacheka, akasema darasa zima lisikie, "Dada Ikra, hii ni kama kumlipa fisi ale nyama! Kuongea mimi hufanya bure."

Amekubali.

Lazima nikiri jambo juu ya Ekidor. Anakosea kila kitu. Anachanganya jana na kesho, anamwita nyanya bwana na babu bibi. Lakini hasimami. Ni kama lori la Baba enzi barabara ya Moyale haina lami: linalia, linatoa moshi, linafika. Mimi ni gari zuri lililofunikwa turubai.

Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Nitafuta kesho.


Ijumaa, 7 Novemba

Msiba. Tulisimama mbele. Ekidor akafungua mdomo. Madame Kinya akainua mkono, akatangaza kwamba mgeni wa leo ametoka safari ndefu na bahati mbaya amepoteza sauti. Mgeni ni Ekidor. Mhudumu ni mimi. Kisha akanitazama.

Anajua! Tangu Jumanne anajua!

Nilisema bonjour. Kisha kimya, dakika tatu nzima. Ekidor alijaribu kunisaidia kwa ishara. Alishika tumbo. Alilala juu ya dawati. Halafu akawa twiga, sababu anaijua mwenyewe. Darasa lilikufa kwa kicheko. Mwishowe nikasema ça va, yaani, uko salama? Akatikisa kichwa kwamba hayuko salama. Kengele ikalia.

Nje aliniambia pole, kisha akaongeza kwamba hata hivyo twiga amefurahi kusalimiwa. Namchukia.

Na insha yake niliandika vizuri mno. Amepata kumi na saba. Mimi kumi na sita.


Jumapili, 9 Novemba

NIMEPATA!

Ayeyo, bibi yangu mzaa baba, alitaka kununua mbuzi, akanichukua twende Ngaremara. Mwenye mbuzi ni nani? Mama Ekidor! Nikajificha nyuma ya Ayeyo, ambaye ananifika kifuani.

Ayeyo akaanza. Salaam aleikum. Mama Ekidor akajibu habari yenu. Watoto salama? Mbuzi salama? Malishoni salama? Mvua imewafikia? Na yule aliyevunjika mguu wakati wa kiangazi? Mama Ekidor akajibu yote, kisha akarudisha yote: na lori? Na mgongo wako? Na huyu binti aliyejificha, anaogopa mbuzi? Kiswahili chao kimevunjika kama sahani, kipande cha Kisomali huku, cha Kiturkana kule, na hakuna aliyejali. Hivi ndivyo alivyo Ayeyo. Hata akipiga simu, kredo huisha bado anasalimia, na jambo lenyewe husubiri kredo nyingine.

Kivuli kikahama. Mbuzi wenyewe wakachoka kusimama, wakalala. Kisha bei ikachukua dakika mbili, bila ugomvi. Njiani Ayeyo aliniambia, "Ayeyo," maana kwetu bibi humwita mjukuu kwa jina lilelile analoitwa, "mtu ukishamuuliza hali ya mama yake, bei utamdanganyaje?"

Sikusikiliza hekima. Nilikuwa naangalia saa. Dakika arobaini na tatu! Mtihani ni dakika kumi. Nikimsalimia mtahini salamu kamili ya huku kwetu, kwa heshima, bila kuruka kitu, muda utakwisha kabla hajafika kwenye Kifaransa!

Hakuna anayeweza kumkatiza mtu anayemsalimia. Ni utovu wa adabu.

Ekidor alikuwa ng'ambo ya barabara na watalii wawili waliopata pancha. Anawaeleza mlima kwa mikono miwili na mguu mmoja. Wanacheka, naye anacheka. Niliwatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.


Jumatatu, 10 Novemba

Nimeandika salamu hamsini na nne kwa Kifaransa. Wazazi, watoto, mifugo, kazi, safari, usingizi, magoti. Kila kitu kinachoweza kuwa salama. Nimezikariri kwa kumsalimia Ayeyo jikoni. Kila moja amejibu alhamdulillahi, wala hakuuliza ni lugha gani. Hakuna mwanamke kama huyu duniani.

Madame Kinya alinikuta na orodha maktaba. Nikamwandikia kwamba ni mazoezi ya adabu. Akaisoma yote polepole. Akasahihisha moja. Kisha akaongeza yake kwa kalamu nyekundu, akaiweka juu kabisa: nyumbani ni wapi, na mama mzazi anaendeleaje? Akaniambia nisisahau kwamba mtu akijibu, anasikilizwa. Akaondoka akitabasamu.

Maskini Madame. Hajui anasaidia uhalifu.


Jumatano, 12 Novemba

Nimemshinda! Nimemshinda mtahini!

Nianze mwanzo. Wote tulikuwa tunangoja mzungu. Akashuka mzee Mkongo wa Lubumbashi, koti la kijivu, viatu unaweza kujitazama ndani yake. Ekidor aliingia kwanza. Alitoka baada ya dakika kumi kamili akijipangusa shingo, akasema mzee ni mkavu kama nyasi za Agosti. Anauliza, anaandika. Anauliza, anaandika.

Nikaingia. Mzee hakuinua kichwa. Nikasema bonjour, nikafumba macho, nikatupa ile ya juu. Nyumbani ni wapi, na mama mzazi anaendeleaje?

Kalamu ikasimama.

Nilipofumbua macho alikuwa amevua miwani. Akasema yuko Kenya mwaka wa kumi na moja, anatahini watoto kila muhula, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza hilo. Mama yake ana miaka tisini na mmoja. Macho yamekwenda, lakini humtambua kila mtu kwa mlio wa hatua zake. Hatua za mwanawe hajazisikia siku nyingi. Nikamuuliza tangu lini. Hiyo haikuwa kwenye orodha, ilinitoka tu. Akasema tangu maziko ya baba yake. Nikampa pole. Hiyo pia haikuwepo.

Nikarudi kwenye orodha haraka. Mvua? Imenyesha kupita kiasi, imechukua daraja. Mbuzi? Hawana mbuzi, wana mihogo. Nilimwonea huruma, ikabidi nimweleze mbuzi: jinsi anavyomjua mwenyewe, jinsi anavyochoka kusimama watu wakisalimiana. Naye ana adabu za kweli, akaanza kurudisha. Na bibi yako? Nikamwambia juu ya Ayeyo na kredo. Na baba? Nikamwambia lori na duka la spea. Na wewe, mbona uliingia ukitetemeka? Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka skafu chini ya hijabu. Alicheka akapiga meza, karatasi zikaanguka, tukaziokota pamoja.

Nilipotazama saa ya ukutani, dakika kumi zilikuwa zimekwisha zamani. Hakuniuliza swali hata moja la Kifaransa! Salamu tu, mwanzo mpaka mwisho! Nilitoka kama mwizi aliyepita mbele ya polisi na mbuzi begani.

Nina doa moja moyoni. Mzee yule ni mtu mzuri. Sikupenda kumfanyia hivyo.


Ijumaa, 14 Novemba

Matokeo yamebandikwa. Ekidor, kumi na sita juu ya ishirini. Ikra, kumi na nane. Nilisoma mara nne nikidhani kuna Ikra mwingine. Hakuna Ikra mwingine.

Nafasi ya kambini ni yangu!

Ekidor alikuja moja kwa moja kwangu. Nikajiandaa kwa matusi. Akanipa mkono, akasema, "Dada, kumbe unaongea!" Akasema yeye atajaribu tena Januari, ndovu hawaendi popote. Moyo gani huu? Nikaona haya, nikamwambia siri. Kwamba sikuongea, nilisalimia tu.

Akaniuliza kwa lugha gani.

Nikamwambia Kifaransa.

Akasema aah. Kisha akaenda kuchukua ufagio wake. Ni kijana mwema sana, ila hafikirii mambo kwa undani.

Madame Kinya aliniita ofisini akanionyesha alichoandika mtahini. Mwanafunzi huyu ameongea dakika ishirini na sita bila kutazama karatasi. Anasikiliza. Ni wazi saa ya mzee ni mbovu, na alichanganya salamu na maongezi, lakini sikusema kitu. Madame alikuwa amefurahi mpaka macho yanang'aa, na kuna watu si vizuri kuwavunja moyo. Akaniuliza kama sasa nimejifunza jambo. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa heshima, bila kufungua mdomo.

Nyumbani, Baba alinipigia simu kunipongeza, duka lote la spea likasikia. Ayeyo alisema alhamdulillahi, kisha akaniuliza huyo mzee Mkongo mama yake anaendeleaje. Nikamweleza. Anataka kumtumia asali.

Jumatatu naripoti kambini. Wanafika Wafaransa kumi na wanne, wakae siku tatu, na mimi ndiye nitakayekuwa nao kutwa. Siogopi hata kidogo. Nimeshapiga hesabu. Wageni kumi na wanne, na kila mmoja ana mama, ana baba, ana usingizi, ana magoti. Nikianza Jumatatu asubuhi, bila haraka, nimsikilize kila mmoja mpaka amalize, Jumatano jioni nitakuwa bado kwa mgeni wa kumi na mbili. Watapanda ndege kabla hawajagundua kwamba sijui kuongea.