Kalume Hajawahi Kuolewa

Habari ya Jumamosi ile ililetwa na Kalume mwenyewe, tena kabla hajakaa.

"Jamani, serikali inaniuliza kama niliolewa!"

Kahawa ilinipalia. Benchi letu liko Mesquite, huku ughaibuni, nje ya duka la Maman Anastasie, kati ya dobi na fundi wa matairi. Hakuna anayefika pale kwa miguu. Kila mtu anakuja na gari lake, halafu tunakaa tunayaangalia kama wafugaji. Kalume ni Mkongo wa Uvira, anaendesha forklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala, ndiyo maana jina lake la benchini ni Tani Mbili. Mimi wananiita Redio. Eti siri ikiingia kwangu inatoka na matangazo ya biashara. Uongo mtupu, ila ningewabishia ningewahi kazini lini?

"Nani amekuuliza?" akadakia Mogaka. Huyu ni Mkenya, anatunza wazee kule Cedar Hill. Tunamwita Wakili kwa sababu kesi za uhamiaji za watu wote anazijua, isipokuwa ya kwake.

"Afisa wa uraia! Jana kwenye interview. Maswali ya historia, mi najibu yote. Kusoma, nasoma. Kuandika, naandika. Njo ananiangalia hivi, anasema: Have you ever been married?"

"Ukasema yes."

"Yes ya nini, Wakili? Married si kuolewa? Been married, si kuolewa kabisa-kabisa? Minamwambia: No, sir. Never. I am a man."

Tulicheka mpaka Maman Anastasie akatoka dukani na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Alipoelezwa akashika nguzo.

"Bon, muzungu akaangalia karatasi zake," Kalume aliendelea, jasho linamtoka. "Akasema: The woman you are married to, is she working? Mwanamke aliyekuoa, anafanya kazi? Mi nikakasirika, quand même! Nikamwambia: Sir, SHE is married. Me, I marry her. Akavua miwani."

"Wueh! Akavua miwani?" Mogaka akauliza.

"Akavua, akaipangusa, akairudisha. Akaniona bado niko pale."

Muda wote huo Gelasius alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyesikia mwanafunzi wake amefeli. Gelasius ni wa Bukoba, alifundisha Kiingereza sekondari kabla ya kuja huku kwenye uhasibu, na mpaka leo jina lake ni Ticha. Ukimpa sentensi hakurudishii nzima.

"Kilichokuponza ni kishazi tegemezi," akasema.

"Ugonjwa gani huo?"

"Ni kijisentensi kinachoburutwa na sentensi kubwa. Chukulia ni trela. The woman is working, hilo ni lori, linatembea lenyewe. You are married to, hilo ni trela, bila lori haliendi popote. Sasa Mwingereza ana tabia ya kupakia kauli ya kutendwa kwenye trela. Ukiangalia nje unaona mtu katendwa. Ukifungua ndani, hakuna mtendaji! Married pale ni hali tu. Mke ni married, mume ni married. Muoaji hayupo."

"Muoaji hayupo?" Kalume akasimama. "Na mbuzi wa mahari, Ticha? Walijipelekaga?"

Hapo hata Ticha alicheka.

"Lakini msitukane hiyo kauli," Mogaka akasema. "Mimi imeniokoa. Kuna siku tulikuta tangazo kazini, limebandikwa kwa friji: It has been noticed that a lunch which was left here was eaten. Ati chakula kilichoachwa hapa kimeliwa. Sasa, manze, kimeliwa na nani?"

"Na nani?" tukauliza.

"Na mimi! Wali na kuku, aki, ilikuwa tamu. Lakini hiyo sentensi ilinisitiri vizuri kuliko mama mzazi. Kila mtu alikuwa anaisoma anasema, kweli, kimeliwa. Na mimi pia nikasema, kweli, kimeliwa."

"Usiwaseme Waingereza peke yao," nikamwambia. "Nyumbani kwenu ulivunja vikombe vingapi ukasema vimevunjika?"

"Hivyo vilivunjika, Redio. Usiniletee."

"Afadhali yenu nyie," Ticha akasema. "Kuna Omer, wa kule Alief. Kwenye interview yake aliambiwa: Tell me all the names by which you have been known. Maana yake majina rasmi ambayo umewahi kujulikana kwayo. Yeye akasikia trela lote. Akataja Omer. Akataja Ustadhi. Akataja Shingo Feni, jina la darasa la nne. Akafika kwenye lile ambalo mama mkwe wake humwita akiwa na hasira, afisa akainua mkono akamwambia, it's okay, sir, it's okay."

Maman Anastasie alifuta machozi kwa upande wa kitenge. Mimi mbavu zilikuwa zinauma. Nikageuka kumpiga Kalume begani, nikakuta hacheki. Amekaa, ameinamia kikombe.

"Mwishoni aliniambia nini, mnajua?" akasema. "You will be notified when a decision has been made. Na nirudi Jumanne na bibi yangu."

"Utajulishwa uamuzi ukishafanywa," Ticha akatafsiri, sauti imeshuka.

"Nijulishwe na nani? Ufanywe na nani?"

"Hawasemi. Trela tena."

"Mama yangu yuko Nyarugusu, kambini kwa wakimbizi. Nisipokuwa citizen siwezi kumu-apply-ia. Kila Jumapili ananiuliza kwa simu, mwanangu, unakuja kunichukua lini? Kesho nitamwambia nini? Mama, uraia umekwama kwa sababu nilikataa kuolewa?"

Roho iliniuma, nakiri. Mama wa watu amekaa kambini miaka yote hiyo, na kinachomzuia sasa ni kitenzi. Kama kuna kitu kinanitia hasira kwenye lugha ya watu ni hicho.

"Tufanye mazoezi," Ticha akasema. Akaazima miwani ya Mogaka, akakaa wima, akawa afisa kweli. "Sir, have you ever been married?"

"Yes," Kalume akajibu. "I marry."

"Hapana. Sema, I am married."

"I am... I am m..." Akameza mate. "Haitoki, Ticha. Kwa kichwa nasikia nimeolewa. Wanaume wa Uvira wakisikia?"

"Uvira ni mbali, bwana."

"Redio ni karibu!"

Nilitaka kukasirika nikakosa hoja.

"Buda, sema tu," Mogaka akamsihi. "Mimi ni married. Ticha ni married. Hapa sisi wote tumeolewa."

"Mi nilijuaga zamani," Maman Anastasie akasema, akarudi ndani kuangalia sufuria.

Ndipo gari la Rosette likaingia. Rosette ndiye mke wa Kalume, anatunza wagonjwa majumbani, na alikuwa bado na sare ya kazi. Alishuka anatabasamu, maana kumbe mumewe alimwambia jana kila kitu kilikwenda vizuri, wanataka tu kumwona na yeye. Sote tukageukia vikombe vyetu. Na mimi nawaapia, nilijibana. Nilijibana kweli.

"Shemeji," nikasema, "mumeo kamwambia afisa hajawahi kuwa na ndoa."

Kalume alinitazama mimi, kisha akatazama matairi ya fundi kama anachagua la kujifichia.

"Baba Dady," Rosette akasema taratibu, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ulimwambia muzungu hauna bibi?"

"Hapana! Nilimwambia sijaolewa!"

"Na mimi niliolewa na nani?"

"Shemeji, hiki ni kishazi teg..." Ticha akaanza.

"Ticha, nyamaza." Akamgeukia mumewe. "Nani alikufundisha ku-drive? Nani anakuamsha kwenda kazini? Bosi akipiga simu, nani anajibu Kiingereza, wewe uko nyuma unasema, mwambie niko mgonjwa? Anayeolewa kwetu ni nani? Mama mkwe anangoja kambini, mtoto wake anapigana na neno!"

Rosette akamvua Ticha miwani, akaivaa, akakaa mahali pake. Hata mimi nilikaa sawa.

"Sir. Have you ever been married?"

Kalume akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeng'ata kikombe. Akavuta pumzi.

"Mama, unisamehe," akasema kwa mtu asiyekuwepo. Kisha kwa sauti: "Yes! I am married!"

Tulipiga makofi mpaka fundi wa matairi akachungulia. Rosette hakutikisika.

"Who is the woman you are married to?"

"The woman who I am married by," Kalume akajibu, kifua mbele, kila neno amelipanga, "is Rosette."

Ticha aliruka kama amekalia sindano. "To! Married TO! By ni mchungaji aliyewafungisha ndoa!"

Rosette alikuwa ameshamrudishia Mogaka miwani yake na kufungua mlango wa dereva, na Kalume anazunguka kwenda upande wa abiria bila kuambiwa, gari lake ameliacha palepale.

"Muache, Ticha," Rosette akasema. "Hilo moja amejibu kweli."