Vita vya Kikombe Katika Beseni la Maabara

Sogeeni, enyi wenye masikio, na anayetafuna ameze kwanza, maana nasimulia vita ambavyo havikumwaga damu wala chai.

Alikuwako mtafiti shujaa, Mlinzi wa Nyuzijoto, ambaye wenzake walimwita Subira kwa utani, kwa kuwa hakuwa nayo. Ndani ya beseni la maji moto alizamisha chupa yenye vimiminika viwili, mahasimu wa jadi: vikipoa hutengana, vikipata joto huungana. Kati ya hali hizo upo mpaka mwembamba, na hapo hugeuka vyeupe kama maziwa, visijue vitengane au vioane. Tena kijiti cha mashine kilivikoroga bila kukoma, visipate hata nafasi ya kutulia vikaamua. Subira alitaka kuupima weupe ule ukiwa mpakani. Kesho mtambo huo wote, beseni na kijiti, ulikuwa unakwenda kwa wengine. Akikosa leo, shahada yake ingengoja mwaka mzima.

Adhuhuri weupe ukatanda, Subira akataka kulia kwa furaha. Ndipo akaingia Profesa, Simba wa Milinganyo, mwenye kiu.

Basi jueni desturi ya maabara ile: beseni hilo hilo ndilo lililopasha chai. Kikombe cha Profesa kilisimama humo tangu asubuhi, ubavuni mwa chupa. Mkono wake ukanyooka. Subira akajitupa kati ya mkono na beseni.

“Mwalimu wangu,” akasema, “nakuheshimu kama mzazi. Lakini joto nimelipanga kikombe kikiwa humo. Ukikitoa, maji yanashuka kina, chupa inabaki nusu hewani na kupoa, na hapa mpakani ubaridi kidogo tu unaivuruga chupa nzima, kisha joto kutulia tena ni kazi ya siku nzima. Leo chai yako ni sehemu ya jaribio.”

Profesa akahutubia kwa kirefu juu ya umri wake, koo lake na haki za msimamizi. Kisha akainama, akautazama weupe ule alioufundisha ubaoni miaka yote bila kuuona kwa macho. Akavuta kiti.

“Pima, binti yangu. Nitakunywa maji.”

Subira akapima hadi jioni, akashinda. Na tasnifu yake ilipotoka, mtambo ulielezwa kwa ukamilifu, ili kila atakayerudia jaribio hilo katika vizazi vijavyo apate majibu yale yale: chupa, kijiti, beseni, na kikombe kimoja cha chai, kisinywewe.